Kompresa ya besi: pima chumba chako kabla ya kufungua mfuko

Swali

Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Langoni, Lamu. Napiga gitaa la besi la nyuzi nne lenye pikapu mbili (vinasa mtetemo wa nyuzi), mtindo wa Jazz Bass, na amplifaya ndogo ya inchi 12. Bendi yetu inapiga harusi za hapa mjini na jioni za hoteli kule Shela, taarabu na chakacha, na mara moja moja tunaitwa Malindi. Sauti yangu haiko sawa. Nikifanya mazoezi nyumbani, noti moja, B ya uzi wa A, inavuma kushinda zote. Harusini E ya chini haisikiki kabisa. Nikipiga slepu, yaani kugonga uzi kwa dole gumba, kijana wa mixa ananishusha, halafu hanipandishi tena. Rafiki yangu Mombasa anauza Dyna Comp, pedali ya kompresa, iliyotumika kwa bei nzuri, wengine wananiambia nitafute ya besi hasa. Ninunue ipi, na niiweke wapi katika mpangilio wa pedali?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Umenirahisishia kazi kwa kutaja noti kwa majina. Wengi huniandikia kwamba besi yao haina nguvu, wakaishia hapo.

Nianze na lile unalolitaka. Dyna Comp ya rafiki yako iache. Ukifika wakati wa kununua, chukua kompresa iliyotengenezwa kwa ajili ya besi, yenye taa za kukuonyesha inabana kiasi gani. Kwa kazi zako mimi ningechukua MXR M87. Lakini umeleta malalamiko matatu, na ni moja tu ambalo dawa yake ni kompresa. Hilo la E itakusaidia kidogo. Hilo la B haitaligusa hata chembe, na ukiilazimisha italizidisha. Ndiyo maana nakuomba usitume pesa wiki hii.

Kompresa haijui noti. Inapima ukubwa wa umeme unaotoka kwenye gitaa: ukivuka kiwango ulichokiweka, inaushusha, ukirudi chini yake, inauachia. B yako haijavuma ndani ya waya. Kwenye waya iko sawa na wenzake. Imevuma ilipokwisha kutoka kwenye spika na kuingia chumbani, na hapo kompresa imeshaachwa nyuma.

Sasa tukiangalie hicho chumba, maana nadhani nakifahamu. Ikiwa unakaa katika nyumba ya mawe ya Mji wa Kale, vyumba vyake ni virefu na vyembamba, msana (ukumbi mrefu) kwa msana. Wembamba huo una sababu: dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake, haiwezi kuruka nafasi kubwa. Hivyo upana wa chumba hukaa kwenye mita mbili na nusu hadi tatu hivi, nyumba baada ya nyumba. Kuta nazo ni za mawe ya matumbawe, nene, hazitikisiki. Sauti nzito ikigonga ukuta wa namna hiyo haipiti wala haipungui sana, inarudi ilikotoka.

Fanya hesabu pamoja nami. Katika joto letu la nyuzi 28 hivi, sauti huenda kama mita 348 kwa sekunde. Kuta mbili zinazotazamana huinua ile sauti ambayo nusu ya wimbi lake inaenea sawasawa kati yao. Kwa hiyo gawanya 348 kwa mara mbili ya upana. Chumba cha mita 2.8 kinakupa hezi 62, yaani mitikisiko 62 kwa sekunde. B uliyoitaja, freti ya pili ya uzi wa A, ni hezi 61.7. Chumba chako kinaipiga B pamoja nawe. Jirani yako mwenye chumba cha mita 3.1 atalalamikia A, na mwenye mita 2.65 atalalamikia C, kila mmoja akidhani gitaa lake ni bovu.

Usiniamini kwa maneno tu, jaribu. Weka amplifaya mahali ilipo siku zote, mpe mwenzako gitaa aipige B hiyo polepole, naye asibadilishe nguvu ya mkono. Wewe anza kusikiliza mgongo wako ukiwa ukutani, kisha tembea ukikata upana wa chumba kuelekea katikati. Ukutani B itakujaa masikioni. Ukifika katikati kabisa itapungua sana, pengine uione kama imekimbia. Ikitokea hivyo, kesi imekwisha: ni chumba. Dawa yake haina bei. Isogeze amplifaya itoke ukutani na ikae katikati ya upana, kwa sababu spika iliyokaa pale sauti hiyo inapokuwa dhaifu haiwezi kuichochea vizuri. Nawe usikae na mgongo wako ukutani unapojipima sauti. Kama una zidaka chumbani, zitasaidia kuvunja mwangwi wa sauti nyembamba, lakini B hii ina wimbi la mita 5.6 na kidaka cha kina cha viganja viwili haikioni kabisa. Mapazia nayo vivyo hivyo. Ukitaka kuisikia besi yako ilivyo kweli, panda nayo juu darini penye uwazi, au tumia spika za masikioni.

Na nimesema kompresa ingelizidisha. Ukiibana besi kwa nguvu kisha ukaipandisha, mkia wa kila noti unarefuka na kuwa mkubwa. Chumba kinachovuma kinapenda noti ndefu kuliko kitu chochote. Kinapewa muda wa kujaa. Nimeona vijana wakinunua kompresa kwa tatizo hili hili, wakaishia kuipunguza besi nzima kwenye amplifaya, na siku ya kazi, uwanjani, hawana sauti.

E ya harusini ni jambo jingine, karibu kinyume chake. Nje hakuna kuta za kukusaidia, na E ya wazi ni hezi 41. Spika nyingi za inchi 12 zinazobebwa kwa mikokoteni kupelekwa harusini huanza kuishiwa nguvu chini ya hezi 50 au 60. Kompresa haiwezi kuipa spika kile ambacho haina. Bahati nzuri sikio la binadamu lina uungwana wake: likisikia hezi 82 na 123, ambazo ni ndugu wa E wa juu yake, linajijazia lenyewe ile 41 iliyokosekana. Kazi yako basi ni kuhakikisha hao ndugu wanatoka. Nyuzi zilizochoka hazina hao ndugu. Kwetu pwani uzi wa E hufa mapema kwa jasho na chumvi, nawe huoni kwa sababu unakufa kidogo kidogo. Badilisha. Kisha bonyeza uzi wa E kwenye freti ya mwisho na upime nafasi kutoka kwenye pikapu hadi kwenye uzi. Milimita 2 hadi 3 ni pazuri, upande wa E ukiwa mbali kidogo kuliko upande wa G. Pikapu iliyolala upande mmoja huzifanya nyuzi mbili kuwa kubwa na mbili kuwa ndogo, na mtu huenda kununua pedali kwa kazi ya bisibisi. Mwisho, sogeza vidole karibu na daraja la gitaa unapopiga noti za chini, na mwombe kijana wa mixa aongeze kidogo kwenye hezi 80 hadi 100, asihangaike na 40.

Hapo kompresa ndiyo inaweza kusaidia kidogo, kwa sababu ikizishusha zile noti za juu zinazopaa, yeye anaweza kukupandisha besi yote, na E ikapanda pamoja. Kidogo, lakini ni kitu.

Tumebakiwa na slepu, na hili ndilo la kompresa hasa.

Ukipiga kwa vidole kisha ukagonga kwa dole gumba, kilele cha sauti kinaweza kuruka desibeli 10 au zaidi. Kila desibeli 6 ni umeme kuzidishwa mara mbili, kwa hiyo unaona kwa nini taa nyekundu ya mixa inawaka ghafla na kijana anakimbilia feda yako, kile kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti. Simlaumu. Analinda spika za watu. Na akishakushusha, atakupandishaje, naye hajui utagonga tena saa ngapi? Kompresa inampa amani ya kukuacha juu.

Tuseme umeweka kizingiti, kile kiwango cha kuanza kubana, mahali ambapo vidole vyako vya kawaida vinakigusa tu, na resio, yaani uwiano wa kubana, ni 4 kwa 1. Slepu inakuja, inavuka kizingiti kwa desibeli 12. Kinachotoka ni desibeli 3 juu ya kizingiti. Zile 9 zimezuiwa mlangoni. Kisha unapandisha nobu ya kutokea ili kurudisha ukubwa uliopotea. Resio ya 2 ni mkono mwepesi, 4 ni ya kazi, 8 na kuendelea inakuwa kama dari ambayo kichwa hakipiti. Kwa kupiga vidole peke yake, taa zikionyesha umebanwa desibeli 3 hadi 6 kwenye noti kubwa, inatosha. Slepu ikifika 9 au 10 usiogope.

Nobu mbili zinazowapoteza watu ni ataki na rilisi. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo nilipopotea mimi.

Ataki ni muda ambao kompresa inachukua kubana baada ya sauti kuvuka kizingiti. Nilipoanza katika bendi ya hoteli hapa Malindi nilinunua kompresa yangu ya kwanza, nikaipeleka ataki mwisho wa upesi, nikidhani upesi ndio ubora. Taa zilikuwa nzuri. Sauti ilikuwa sawa kama kamba iliyovutwa. Baada ya wimbo wa tatu mpiga ngoma wetu, mtu mzima aliyenizidi umri kwa mbali, akaniinamia akasema: "Besi naiona mkononi mwako, kifuani siisikii." Alikuwa sahihi. Kinachomfanya mtu aicheze besi ni ule mgoto wa mwanzo, kidole kinapoachana na uzi. Ataki ya upesi sana inakata kichwa hicho, na kinachobaki ni mvumo. Anzia kwenye milisekunde 20 hadi 40. Mgoto utapita mzima, kompresa itaubana mwili wa noti unaofuata. Kwa slepu unaweza kushuka hadi 10 kama vilele bado vinamtisha kijana wa mixa.

Rilisi ni muda wa kuachia. Hapa besi ina sheria yake ambayo gitaa la kawaida halina. E ya hezi 41 inachukua milisekunde 24 kukamilisha wimbi moja tu. Ukiweka rilisi fupi ikakaribia hapo, na ataki nayo ikawa ya upesi, kompresa inaanza kubana na kuachia ndani ya wimbi lenyewe, inalikunja, na noti za chini zinatoa mkwaruzo. Mtu atadhani spika imepasuka. Hii ndiyo sababu mojawapo ninayokuonya na kompresa za gitaa: nyingi zimepangiwa ndani yake muda unaofaa nyuzi nyembamba.

Upande wa pili, rilisi ndefu sana inaua chakacha. Chakacha inatembea kwa sita kwa nane. Tuseme mapigo makubwa ni 120 kwa dakika: kila pigo ni nusu sekunde, na ndani yake mna noti tatu, kwa hiyo kati ya noti na noti ni milisekunde 167. Ukiweka rilisi ya 400, kompresa iliyobanwa na noti ya kwanza haijaachia kabla ya ya pili wala ya tatu. Zile noti ndogo, zile unazozigusa tu kwa kidole ili kiuno kipate pa kukatikia, zinashushwa pamoja na mkubwa wao. Wimbo unabaki na noti zake zote ila mwendo umepotea. Kwa chakacha jaribu 80 hadi 150. Kwa taarabu ya polepole, pale udi na fidla zinapoongea na wewe unashika noti ndefu chini yao, nenda 250 hadi 300, na noti itakaa bila kuzama. Ukiwa na nobu moja tu ya rilisi na wimbo zaidi ya kumi kwa usiku, chagua ya chakacha. Taarabu inavumilia rilisi fupi; chakacha haivumilii ndefu.

Sasa tuje kwenye vyombo. Utasikia watu wakibishana kuhusu aina za ndani, ya mwanga, ya FET, ya VCA, kana kwamba ni madhehebu. Zote zimetoka katika kompresa tatu za studio. LA-2A ya miaka ya 1960 ilitumia taa inayomulika kipande kinachobadilika kwa mwanga. Huchelewa kidogo kushika na kuachia, hivyo inabana kwa upole. 1176, aliyoibuni Bill Putnam mwaka 1967, ilitumia transista ya FET na ina kasi ya ajabu. dbx 160 ya miaka ya 1970 ilileta VCA, saketi inayopandisha na kushusha sauti kwa umeme, yenye kubana kwa usahihi na kwa ukali. Pedali za leo nyingi ni watoto na wajukuu wa hizo tatu. Kwa mtu anayepiga harusini, penye jenereta upande mmoja na vigelegele upande wa pili, tofauti hizo ni ndogo kuliko tofauti ya kuweza kuona na kupanga. Aina usiifanye sharti la kwanza.

Dyna Comp ya rafiki yako ina nobu mbili tu, ya kutokea na ya ukali wa kubana. Imetumika tangu miaka ya 1970 na wapiga gitaa wanaipenda kwa haki, kwa sababu ina tabia yake. Lakini ile ya kawaida haikupi nobu ya rilisi wala taa ya kupima, na ikibanwa sana inaleta mnong'ono. Kwako wewe, ambaye bado hujayazoeza masikio yako kwa kompresa, ni kupewa jahazi usiku bila taa ya mnara.

M87 naipendekeza kwa sababu ina ataki, rilisi, resio, kuingia na kutokea, vyote mbele yako, na safu ya taa inayoonyesha inabana kiasi gani. Resio zake nne, 4, 8, 12 na 20, ni zile zile za 1176. Kizingiti chake hakina nobu. Unakivuka kwa kuongeza nobu ya kuingia, jambo linalowachanganya wageni siku ya kwanza tu. Kasoro yake ni kwamba haina nobu ya kuchanganya sauti iliyobanwa na ile mbichi. Boss BC-1X nayo ni ya besi, ina taa za kupima, lakini ataki inajipangia yenyewe. Mtu asiyetaka kuhangaika ataifurahia, na kama ndiyo utakayoipata kwa urahisi, inunue na usijute.

TC Electronic SpectraComp ni ndogo kama kiberiti kikubwa, ina nobu moja, na bei yake ni ya chini kuliko hizo mbili. Inagawanya sauti katika mafungu, ya chini, ya kati na ya juu, kila fungu likabanwa peke yake, hivyo slepu ya juu haiivuti E chini nayo. Kwa kusikiliza tu, inapendeza sana. Ila haikuonyeshi kitu, na mwanafunzi hujifunza kwa kuona. Juu kabisa kuna Cali76 ya Origin Effects, toleo la besi, yenye kuchanganya sauti mbichi na kichujio kinachoizuia E isiitawale kompresa yote. Nimeipenda, lakini kwa bei yake ungebadilisha nyuzi miaka mingi na kununua spika bora. Siwezi kukushauri hivyo kwa harusi za Langoni.

Kabla ya hizo zote, angalia mixa mnayotumia. Ikiwa ni ya dijitali kama Behringer X32, kila chaneli ina kompresa kamili ndani yake, bure. Hata Yamaha MG10XU, ile ndogo, ina kompresa ya nobu moja kwenye chaneli ya 1 na ya 2. Chomeka besi huko, geuza nobu mpaka robo, sikiliza usiku mmoja. Huenda ukagundua tatizo la slepu limeisha bila ya wewe kutoa shilingi. Lakini mixa ikiwa ya kukodi na inabadilika kila kazi, pedali yako mwenyewe inakupa sauti ile ile Shela na Malindi, na mimi naona hilo lina thamani.

Kuna kitu kinachowaumiza wapiga besi wa huku nacho hakiandikwi kwenye boksi. Umeme wetu ni volti 240, hezi 50. Mngurumo unaoingia kwenye waya mbaya au pikapu ni wa hezi 50 na ndugu yake wa 100. Sasa angalia: G ya freti ya tatu kwenye uzi wa E ni hezi 49, na uzi wa G wa wazi ni 98. Mngurumo umekaa karibu kabisa na noti unayoipiga kila wimbo, unasuguana nayo, G inatetemeka kama imelewa. Na kompresa inauongeza: ukibana desibeli 6 na kurudisha 6, kila kilichokuwa kimya katikati ya noti kimepanda mara mbili. Kwenye gitaa lako fungua pikapu zote mbili mpaka mwisho. Katika Jazz Bass nyingi zimesukwa kinyume ili mngurumo wa moja uufute wa nyingine. Ukipunguza moja, mngurumo unarudi. Pedali ipe adapta yake, volti 9, hasi ikiwa katikati ya plagi. Tazama mchoro mdogo kwenye adapta kabla hujachomeka, maana iliyogeuzwa inaweza kuiua pedali kwa mara moja. Adapta za bei ya kutupa huleta mluzi mwembamba ambao kompresa itautangaza kwa jukwaa zima. Jenereta ikisumbua, betri ya volti 9, kwa pedali inayoikubali, ni kimya kuliko adapta yoyote. Na tafadhali, mwanangu, usikate waya wa ardhi kwenye plagi ya amplifaya ili kuondoa mngurumo, hata fundi akikuambia ni kawaida. Umevaa nyuzi za chuma mikononi na midomo iko kwenye maikrofoni. Watu wamekufa kwa hilo.

Ukinunua iliyotumika, ya rafiki au ya mtu baki, zungusha kila nobu ukisikiliza. Inayokwaruza imeingiwa na chumvi. Dawa ya kupuliza ya kusafishia viunganishi huifufua mara nyingi, nawe pata sababu ya kupunguza bei. Jaki itikise na waya ukiwa ndani. Sauti ikikatika, iache. Nyumbani itunze kwenye boksi la plastiki lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, na zizungushe nobu mara kwa mara hata kama huna kazi.

Kuhusu mpangilio: pedali ya kupatanisha nyuzi (tuna) kwanza, kisha kompresa, kisha mengine. Ukiwa na pedali ya okteva, kompresa ikae mbele yake, kwa sababu okteva hushika noti vizuri inapopewa sauti iliyotulia. Ukiwa na ile ya wa-wa inayofunguka kwa nguvu ya mkono, kompresa ikae nyuma yake. Ukiitanguliza, mkono wako hautaisha nguvu bali wa-wa haitauona. Ukiwa na distoshoni, itangulie kompresa au ifuate, jaribu zote, ladha tu.

Siku ya kwanza na M87 weka resio 4, ataki katikati, rilisi upande wa upesi kiasi. Piga kwa vidole kwa nguvu ya harusini, si ya chumbani, na upandishe nobu ya kuingia mpaka taa mbili tatu ziwake kwenye noti kubwa na zizimike zote kati ya noti na noti. Zisipozimika, rilisi ni ndefu. Kisha zima na uwashe pedali kwa mguu huku ukirekebisha nobu ya kutokea mpaka ukubwa ulingane. Hili ni muhimu: sauti iliyo kubwa zaidi daima tunaiona nzuri zaidi, na usipozilinganisha utakuwa umenunua ukubwa. Zikilingana, gonga slepu. Ikisimama mbele bila kuruka, umefika.

Halafu nenda kwa kijana wa mixa kabla ya watu kukaa, umwambie umekuja na kompresa yako, na umwombe aizime ya kwake kwenye chaneli yako au aiache ishike vilele tu. Mbili zikibana pamoja, kila moja desibeli 6, besi inakuwa ubao. Mpigie slepu yako kubwa kuliko zote wakati wa kupima sauti, aione kwenye mita yake, apange feda yake juu ya hiyo, na muipige G ya wazi muisikilize pamoja kama inatetemeka.